Kiti Kilichozoea Mkono wa Nzisa

Saa tatu asubuhi, sebuleni mwake katika mtaa uitwao Tena, Mbaluka Nzivo anajifunga bendeji vidole vitatu vya mkono wa kulia. Hajaumia. Mwenye kiti cha magurudumu cha umeme kilicho mbele yake ana vidole viwili tu vyenye nguvu, na Mbaluka hawezi kujua kinamsumbua wapi mpaka akiendeshe kama yeye. Anakikalia, anasukuma kijiti cha kuongozea, anapita kati ya kochi na meza, anakwama kwenye zulia.

"Ukikiendesha kwa mkono wako mzima kitakudanganya," anasema. "Hapa kitakwenda vizuri. Mwenyewe akifika kwake, kinamshinda."

Mbaluka ana umri wa miaka hamsini na minane. Baba yake alikuwa mchongaji vinyago Ukambani. Yeye alichagua nyaya, akawa fundi wa umeme kiwandani, akitengeneza magari madogo ya betri yanayobeba mizigo. Siku hizi kazi yake yote iko hapa nyumbani, ghorofa ya chini, mahali kiti kinapoweza kuingia bila ngazi. Mwezi mzuri, baada ya kodi, hubaki na shilingi elfu kumi na tano hivi.

Anayesubiri jibu leo ni mteja mwingine, Triza Kweyu, mshonaji wa sare za shule kutoka Donholm. Mvua ilimkuta njiani na kiti chake akitoka kibandani kwake. Alipofika nyumbani, kaka yake alikifungua kisanduku chenye kijiti, wakakiweka kando ya jiko la makaa kikauke upesi, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa na wateja walikuwa wakimpigia simu.

"Mama, hii hukuianika," Mbaluka alimwambia siku alipokileta. "Umeipika."

Triza alicheka, kisha akauliza kama kinaweza kufufuka. Mbaluka alijaribu. Alisugua ndani kwa mswaki na spiriti, akalehemu upya waya mmoja baada ya mwingine. Leo anamwonyesha vijia vya shaba vya kupitishia umeme, vilivyobanduka kama rangi ya ukuta mbovu. Aina hiyo ya kisanduku haiuzwi tena. Kiti kingine, hata kilichotumika, hakipatikani kwa chini ya laki moja.

Triza anatazama kiti alichokalia, ambacho si chake.

Kiti hicho cheusi kilikuwa cha Nzisa, mke wa Mbaluka. Misuli yake ilidhoofika kidogo kidogo tangu binti yao, Ndete, akiwa shule ya msingi. Ndicho kiti cha kwanza Mbaluka kukifungua. Kilizima siku moja, duka la mjini likawaambia wasubiri miezi, na Nzisa akakaa kitandani akiangalia dirisha. Mbaluka alikiweka juu ya meza ya chakula, akakitengeneza. Habari zikaenea kanisani, na meza ile haikurudia chakula tena.

Nguvu za Nzisa zilipozidi kupungua, mumewe alitoa springi ya kijiti akaweka nyingine laini, ya kalamu ya wino, ili mguso mdogo tu utoshe. Kasi aliiweka chini. Nzisa mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Alisema hawezi kupita watu mbio kama anayedaiwa. Anataka nafasi ya kusalimia.

Alifariki mwaka juzi. Tangu hapo Mbaluka hukiazimisha kiti chake kwa wateja wanaosubiri matengenezo, kwa sharti moja tu: hakuna kubadilisha chochote. Wanaokiazima hujifunza mkono wa Nzisa.

Jirani yake, Asenath, anajua sababu ya kukiazimisha, ambayo fundi hapendi kuitaja. Kiti hicho kikirudishwa, mlio wa mota zake husikika kuanzia duka la pembeni, na Mbaluka huwa ameshafungua mlango kabla hakijafika.

"Tulimwambia akiuze," Asenath anasema. "Akanijibu, mama, kikiuzwa kitarudi nyumbani na nani?"

Triza naye amekizoea kwa shida. Mikono yake ina nguvu za cherehani, na kiti kinamrukia akigusa tu, kisha kinajikokota. Siku ya kwanza alilalamika: "Fundi, hiki kinatembea kama bibi harusi." Wateja wakifika kibandani humkuta bado yuko njiani.

Sasa anavuta pumzi, anasema kwa sauti ndogo.

"Baba Ndete, najua ni cha Mama Ndete. Siombi bure, nitalipa pole pole. Lakini nikikurudishia leo, kesho sitoki nyumbani."

Mbaluka anafungua bendeji vidoleni taratibu, kidole kwa kidole, ingawa kazi ile hajaimaliza. Anamwambia akiache kiti, kaka yake aje kumchukua, ampe muda mpaka Jumamosi.

Jumamosi ilipofika, kabla Triza hajaletwa na kaka yake, Mbaluka alikikalia kiti cha mkewe. Alitoka nacho mlangoni hadi duka la pembeni na kurudi, kwa kasi ile ile ya Nzisa, akiwasalimia watu. Wauza mboga waliitikia. Vijana waliokaa kwenye ukuta, ambao hawamwachi mtu apite bila utani, walisema tu, "Poa, mzee," wakamwachia njia.

Kisha alikiweka juu ya meza. Aliitoa springi laini, akaitia kwenye kopo pamoja na springi nyingine, kwa kuwa kuna mtu ataihitaji. Akaweka ngumu. Akapandisha kasi. Triza alipokijaribu, alifika getini kabla kaka yake hajamaliza kufunga kamba za viatu, na Asenath akamwambia mtaa huu haujawahi kuona kiti kikikimbia hivyo.

Kuhusu malipo, Mbaluka alimwambia atashona mapazia ya sebule. Ya zamani yalichaguliwa na Nzisa na jua limeyamaliza. Lakini aliweka sharti jipya. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akilete kiti kikaguliwe.

"Hata kama hakijaharibika?" Triza aliuliza.

"Hata kama hakijaharibika."

Si desturi yake. Wateja wengine huwaambia wasimsumbue mpaka kiti kigome kabisa. Ukimuuliza atakagua nini kwenye kiti kizima, anainamia kazi yake, anapuliza vumbi kwenye mota.

"Breki," anasema hatimaye. "Breki za kiti kile zinataka kuangaliwa mara kwa mara."