Nilidanganya Kuhusu Shule ya Juu, na Sasa Nimeitiwa Nafasi

Admin, nifiche jina na kijiji pia, maana huku upande wa Roret, kwa mashamba ya chai, tunajuana mpaka na ng'ombe zetu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, kijana wangu wa kwanza yuko gredi ya tano. Hii maneno hata bwanangu hajui.

Kwetu kuna shule mbili za serikali. Ya chini ilijengwa kwa shamba alilotoa baba mkwe, kwa hivyo watoto wote wa boma husoma hapo. Ya juu iko ng'ambo ya mto. Mke wa ndugu ya bwanangu, nitamwita Mama Kibet, ndiye alianza kuhamisha mtoto wake kumpeleka ya juu. Na wa kwanza kumkaripia nilikuwa mimi! Nikamwambia, "Unaaibisha mzee. Kwani shule yake inanuka?"

Jameni, wivu ni ugonjwa. Mwaka haukuisha, Kibet akawa anamsomea nyanya yake gazeti, na wangu wa umri huo huo bado anafuata maneno na kidole. Huku chini walimu hawatoshi, huko kila darasa lina wake. Mama Kibet akisema tu "Kibet wangu", nabadilisha maneno haraka. Nikaenda kwa siri kuomba nafasi huko, hedimasta akasema gredi ya tano imejaa.

Siku moja nikapita hapo nikaona watoto na vikapu kwa shamba la chai la shule. Kibet mwenyewe alinieleza ni somo la kilimo, wanafunzwa kuchuma majani mawili na chipukizi. Nilielewa vizuri sana. Lakini jioni, tukingoja kupimiwa majani ya chai kituoni, nikaambia akina mama, "Hiyo shule mnasifu inachumisha watoto chai saa za masomo."

Mama Kibet alikuwa hapo. Yeye alitolewa shule akiwa msichana mdogo akachume chai za watu, na hilo nilijua. Kesho yake akamrudisha Kibet shule ya chini. Woiye, mtoto alilia akijaribu kueleza, mama akakataa kusikia. Jumapili akanishika mkono nje ya kanisa akasema, "Asante sana. Umeniokolea mtoto."

Sasa hedimasta wa juu amenipigia. Nafasi moja imepatikana, nipeleke kijana kabla ya Ijumaa ama apewe mwingine. Ni nafasi ya Kibet.

Nikimpeleka, Mama Kibet atajua uongo wangu siku hiyo hiyo. Nikisema ukweli, Kibet atarudi juu na wangu abaki. Nikinyamaza, wote wawili wamepoteza. Jana Kibet alikuja kwangu kumfundisha wangu kusoma, na wallahi, badala ya kushukuru, nikaona wivu tena.

Nitukaneni kwanza, nimestahili. Halafu mniambie, wazazi wenzangu: hiyo nafasi niichukue, ama nimrudishie mwenyewe? Ijumaa ni kesho kutwa.