Kemunto wa Kebirigo hakudanganya. Ni mimi.

Tangu jana nimeusoma ule ujumbe labda mara kumi, na bado macho yanakataa. Kemunto hayuko. Presha, siku mbili hospitalini, basi.

Nilikuwa kwenye mkutano wa ofisi, tunajadili mambo ya server, simu ikatetemeka. Nilitoka nikasimama nje ya mlango. Wenzangu walidhani nimefiwa na ndugu. Sikuwasahihisha.

Wengi wenu mnaonifuata hapa mnanijua kama mtu wa IT. Mkiniuliza nilianzia wapi, huwa nawapa hadithi nzuri: chuo kidogo cha kompyuta Kisii mjini, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikawa msaidizi wa lab, mambo yakafunguka. Yote ni kweli. Lakini kuna kipande huwa nakiruka, na kipande hicho ni Kemunto.

Chuo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Kompyuta sita, zimeunganishwa kwa kebo. Mwalimu Otieno, mtu wa upande wa ziwa, aliamini kwamba mtu huzoea mashine haraka akicheza nayo. Kwa hivyo Jumamosi mchana, typing ikiisha, alitufungulia gemu ya vifaru vya vita. Sisi sita tunaingia uwanja mmoja, kila mtu kwa skrini yake, tunawindana.

Kwetu huo ulikuwa muujiza. Unamlipua mtu aliyekaa upande ule mwingine wa chumba, halafu unamsikia akiguna.

Kemunto alikuwa akichuma majani chai na mama yake kwanza, ndipo aje mjini kutoka Kebirigo. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa chai, na vilikuwa vyepesi kuliko vyetu sote. Alitupiga kila wiki. Hakujigamba. Akikushinda, alikuja kukuonyesha ulipokosea.

Mimi nilichukia kuonyeshwa.

Kozi ikikaribia kuisha, Mwalimu alitangaza kwamba anatafuta msaidizi wa lab, ambaye angesoma kozi inayofuata bila malipo. Mimi na Kemunto tulikuwa tumefungana alama. Mwalimu akasema, nusu mzaha, basi gemu iamue.

Ijumaa nilibaki nyuma nikisema namalizia zoezi. Nilikuwa nimegundua faili moja ya gemu ambayo unaweza kuifungua ukabadilisha nambari. Niliongeza nguvu za kifaru kwenye mashine ya dirishani, ile niliyozoea kukalia, hadi kisingeweza kulipuka. Nilijiambia ni gemu tu, hakuna mtu anaumia.

Kesho yake Mwalimu alitubadilishia viti ili kuwe na haki. Kemunto akapewa mashine ya dirishani.

Ningeweza kusema kitu hapo. Nilikaa, nikacheza.

Nilimpiga mara tatu, mara nne, kifaru chake hakitikisiki. Watu wakaanza kunong'ona. Kemunto alikuwa anashinda. Akatoa mikono kwa kibodi na kumwambia Mwalimu, "Hii mashine haipigiki. Kuna kitu hakiko sawa."

Mwalimu alifungua faili, akaona zile nambari, akauliza ni nani. Mmoja wetu akasema Kemunto ndiye anaijua gemu hii, nani mwingine angeweza? Kemunto alisema si yeye. Mwalimu alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba amewahi kusema mwenyewe kwa sababu ameona watu wameanza kumshuku. Nafasi akanipa mimi.

Kemunto alichukua sweta yake, akanitazama, nami nikamwangalia kama nisiyejua kitu, akashuka ngazi. Hakurudi.

Miaka mitatu iliyopita kazi ilinipeleka Nyamira. Nilimkuta Kebirigo, ana duka lake la kupiga chapa na fotokopi, na watoto wawili. Alinipikia chai. Nikamweleza yote, macho yangu yakiwa kwa meza.

Aliniambia alijua siku ile ile. Alijua ni nani aliyezoea kukaa dirishani.

"Gemu haikuniuma, Ondieki," alisema. "Kilichoniuma ni vile uliniangalia nikienda."

Aliniomba jambo moja tu, nimwambie Mwalimu. Alimheshimu yule mzee, na hakutaka azeeke akimwona yeye mdanganyifu. Niliahidi. Nikarudi Nairobi, na kila wiki nikapata sababu: nina deadline, Mwalimu ni mgonjwa, hata hakumbuki.

Leo asubuhi nimempigia Mwalimu. Amestaafu, yuko kwao. Nilimweleza yote. Halafu akaniambia kwamba Kemunto alimwandikia mara mbili akiomba barua ya kumpendekeza kwa chuo kingine. Mara zote mbili alimnyima.

"Ungeniambia hata mwaka ule," alisema.

Kemunto hakuwahi kunitajia hizo barua. Hata siku ile tukinywa chai. Alijua zingenivunja, akaziweka kwake.

Nimekuwa nikisimamia watu kazini kwa miaka mingi. Nimewahi kumfukuza kijana kwa sababu alighushi ripoti, tena nikamhubiria kuhusu uaminifu. Naandika hili nikijua atalisoma.

Mazishi ni Ijumaa. Nimeongea na kaka yake, amekubali nisimame niseme haya mbele ya watoto wa Kemunto. Akaniambia nisiyapambe. Mwalimu amesema atakuja.

Tafadhali msiniandikie pole hapa chini. Wapelekeeni watoto wake.

Kemunto, ulinipa miaka mitatu nikaitumia kujificha. Nimechelewa, na siwezi kukuomba unisamehe tena.

Genda buya. Nenda vizuri, rafiki yangu. Pumzika. Jina lako ni safi, na lilikuwa safi wakati wote.