Macho ya Mdoli

Kazi yangu ni kutengeneza wadoli wa maganda ya mgomba. Nakaa mlangoni kwetu Walukuba, nalowesha maganda, nayasokota, nashona. Wakifika sita nawapeleka mjini Jinja kwa mama mmoja Mhindi mwenye duka. Yeye huwaita toi. "Lete toi za macho makubwa," huniambia. "Toi bila macho, watoto wanaogopa." Basi nimekuwa fundi wa macho: mishono kumi na miwili ya uzi mweusi kila jicho, na mmoja mweupe katikati ili ling'ae.

Shule niliishia darasa la saba, lakini maneno nayapenda. Kiswahili cha kwetu kilitoka kambini, maana baba alikuwa askari. Siku moja nilimwuliza kwa nini vitabu vinamwita mdoli mwanasesere. Mwana namjua. Sesere ndiye nani?

"Jeshini hawakutufundisha hilo," baba akasema. "Kaulize watu wa pwani." Neno mdoli, alidhani, limetoka kwa Wazungu. Kichezeo ni chochote anachochezea mtoto, hata gunzi.

Dada yangu alikuwa amekuja kututembelea na binti yake. Akacheka. "Sisi tulikuwa tunasema mtoto tu."

Kweli. Tulikuwa tunafunga gunzi mgongoni kwa leso, na mtu akiuliza, tunamwambia asipige kelele, mtoto amelala. Toka siku hiyo naota duka langu, mlangoni nimeandika Wanasesere, kila mteja aingie akiuliza maana.

Dada ameolewa milimani, juu ya Mbale. Msimu wa mvua uliopita mlima uliporomoka mchana ukafunika nyumba yao. Dada alikuwa ameenda kuteka maji. Binti yake, wa miaka minne, alikuwa ndani. Watu walichimba kwa majembe siku tano. Hawakumpata.

Nilipofika, ukoo wa shemeji ulikuwa umeshaamua. Kule mtu asipopatikana, huzikwa shina la mgomba badala yake, limefungwa shuka. Bila hivyo matanga hayaishi, na mama wa mtoto anabaki amekaa chini hapohapo. Dada alikuwa hajala tangu siku ya kwanza. Akanishika mkono.

"Wewe ndiye fundi," alisema. "Mtengeneze wewe. Nataka azikwe na mkono unaomjua."

Nilikata shina linalofika kiunoni mwangu, kama alivyokuwa ananifikia. Nikalivisha gauni lake la njano, lililopona kwa sababu lilikuwa limeanikwa kwa jirani. Halafu, kwa mazoea na kwa kumpenda, nikalishonea macho. Mishono kumi na miwili, na mmoja mweupe. Nilidhani nafanya wema.

Shangazi wa shemeji alifunua shuka kukagua. Akauliza, "Nani ameweka macho?"

"Mimi, shangazi."

"Hiki umefanya kichezeo, binti yangu. Hatuziki kichezeo. Ukizika kitu kinachotazama, mama yake atatazamana nacho mpaka afe." Akawageukia wanaume waliokuwa wamemaliza kuchimba. "Rudisheni majembe. Kesho tutakata mgomba mwingine."

Nilitamani udongo unifunike na mimi.

"Kesho siwezi, shangazi," dada akasema. "Nikilala tena bila kumzika, siamki."

Aliliweka lile shina mapajani. Nilimpa wembe, akakataa. "Usimkate." Akainama, akashika uzi kwa meno, akaanza kufumua. Mshono mmoja, anapumua, mwingine. Hakuna aliyemharakisha, ingawa wingu lilikuwa limeshashuka hadi kwenye migomba. Alipofika jicho la pili, shangazi aliketi karibu naye, akamshikia shina lisiteleze.

"Sasa amelala," dada alisema.

Shangazi alipapasa ule uso kwa kiganja, akafunga shuka mwenyewe. Tulizika mvua ikianza. Kaburi lilikuwa fupi sana. Watu wawili tu walitosha kulifukia. Jioni dada alikula matonge matatu.

Asubuhi nilipokuwa naondoka alinirudishia uzi, ameuviringa kama pete. "Utakufaa kazini," akasema.

Uko kwenye kopo langu la sindano. Mama wa duka ameshaniuliza mara mbili toi zake ziko wapi. Wanne wako tayari hapa mlangoni, mikono, miguu, nguo, kila kitu. Bado macho.