Niliita Polisi Harusini kwa Binti Yangu

Aibu hii nimekaa nayo miezi saba. Waliokuwepo hawanikumbushi, wanatazama tu chini nikipita kanisani, kwa hiyo leo naisema mwenyewe kabla haijasimuliwa vibaya zaidi (ingawa sijui kama kuna vibaya zaidi ya hapa).

Mimi niliishia darasa la nne. Hapa Toronto nilianza kwa kudeki vyoo vya maofisi, leo nina kampuni ya usafi, magari sita, na nyumba Markham niliyoilipa kwa mgongo wangu. Basi binti yangu Neema alipochumbiwa na Bahati, kijana wa Bukavu, nikasema harusi nalipa mimi, asinichangie mtu. Wenye ukumbi wakataka bima ya ajali, na mama wa bima akanieleza kwenye simu kwamba ipo nyingine, ya bei juu, inayolinda hata pesa taslimu wanazotunzwa maharusi. Nilipomuuliza Neema, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba siku hizi watu wanatuma kwa simu. Nikamwambia, "Kwetu sanduku la pesa linakaa mezani, watu walione." Nikachukua ya bei juu. Yule mama akanisomea masharti: sanduku lisiachwe peke yake hata dakika moja, na likiibwa polisi waitwe mara moja. Mimi nikashika hilo la pili tu. Na masharti hayo sikumwambia mtu, maana niliogopa wageni wakisikia watadhani nawaona wezi. (Hapo ndipo uone akili zangu.)

Siku yenyewe, saa kumi alasiri, muziki umekolea, watu wote wameinuka kuwatunza maharusi, na mimi nikaacha meza nikaenda kucheza na wazee wenzangu. Kurudi, sanduku halipo.

Ningeuliza tu. Swali moja lingetosha. Badala yake nikapiga simu polisi papo hapo, nikamnyang'anya mshereheshaji maiki.

"Zima muziki! Asitoke mtu. Sanduku limeibwa, na upande wetu hatuna tabia hizo."

Muziki ukazimwa. Mke wangu akanivuta koti, "Baba Neema, kaa chini." Mjomba mmoja wa kina Bahati akasimama, "Upande gani, mzee? Sema vizuri."

"Nimeshasema," nikamjibu, na kifua nimekitoa.

Tulikuwa bado tunabishana polisi wawili wakaingia, na wakati huohuo mlango wa chumba alikovalia bibi harusi ukafunguka, akatoka Mama Furaha, shangazi aliyemlea Bahati baada ya wazazi wake kufa. Alikuwa hajamaliza mwaka Toronto, anangoja kesi yake ya ukimbizi. Mikononi ana sanduku, amelifunika kitenge.

"Baba, ni miye njo nilibeba," akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Niliona meza haiko na mtu, watoto wanachezea pale. Nikaona nikae nayo."

Yaani ukumbi mzima, aliyefuata sharti la bima ni yeye, ambaye hata hakujua kama kuna bima.

Polisi hawakuwa wabaya, lakini kazi yao ni kuuliza. Wakataka jina na kitambulisho. Akatoa karatasi yake ya ukimbizi kwenye mfuko wa nailoni, Bahati akaipokea akawapa. Polisi akaandika.

"Bahati, wanaandika jina yangu ya nini?"

Bahati akageuka. Aliniangalia mimi. Polisi akauliza nani alipiga simu, nikanyoosha kidole kama mwanafunzi.

Kufuli la sanduku lilikuwa zima. Polisi wakaondoka, na Mama Furaha naye akaondoka kabla ya keki, akakataa gari langu, akaenda kungoja basi kwenye baridi na nguo zake za harusi, Bahati nyuma yake. Neema akaliweka sanduku mbele yangu, "Kaa nalo basi," akamfuata mumewe. Pesa zikawa salama, harusi ikabaki haina maharusi.

Wiki mbili baadaye nikaenda kwa Mama Furaha, Lawrence Heights. Akanipa kiti, akanipa chai. Nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe, baba. Ila silali. Mtu akigonga mlango, nafikiri ni wale." Akaniongezea chai. "Mwanasheria amesema barua yako itanisaidia kwa kesi, juu jina yangu iko kwa polisi. Utaandika?"

Nilikuwa sijawahi kumwomba mtoto wangu aniandikie kitu. Siku hiyo nilimwomba. Neema akachapa, kisha akanisomea taratibu: kulitokea kutoelewana. Nikamwambia futa. Hakuna aliyeshindwa kuelewa mle ndani. Andika kwamba nilimwita mwizi mbele ya watu, na hakuwa mwizi.

"Una uhakika, Baba? Itakaa kwenye faili."

"Ikae."

Nikasaini. Kesi bado haijaitwa. Nami nimeapa, kitu kikinipotea tena nitauliza kwanza, kwa sauti ya chini, na harusi za watu naenda, nakaa nyuma, sisemi neno.