Tanzia ya Mbaazi za Shangazi

Siku ile naikumbuka kwa sikio langu la kushoto, mwanangu, maana ndilo Baba alilolivuta. Usinishangae kukuita mwanangu. Najua niko kidato cha tatu, na ndevu zangu hazifiki za paka wa jirani. Lakini wazee wa mtaa wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, wamechoka kutoa nasaha, siku hizi wanatoa kikohozi tu, na lazima mtu aishike kazi. Kwa hivyo wewe mwenye duka, mwenye cherehani, mwenye karai la viazi, wewe uliyeamka leo ukaitazama biashara yako kama mtu anavyokitazama kiatu kilichomchubua, keti hapa. Hata ukiwa na mvi, leo wewe ni mwanangu.

Shangazi yangu Zuhura alikuwa akiuza mbaazi na mahamri barazani kwetu kila asubuhi. Mbaazi zake zilipikwa kwa tui zito, ukichovya hamri linarudi limevaa kanzu. Alikuna nazi huku akiimba, na sauti yake, Mungu amsamehe, ilikuwa mbaya kupita kiasi. Ndiyo iliyotuamsha sote. Watu wa bandari na wa reli walipita kwake kabla ya kazi, na wengine walioshuka Feri walizunguka njia nzima kumfuata.

Kisha bwana mmoja akafungua mkahawa pale pembeni, na kaseti zake za taarabu, na mkate wa kukatwa uliopakwa siagi. Wateja wakagawanyika. Shangazi naye, badala ya kushughulika na chungu chake, akawa kutwa anachungulia mlango wa mwenzake. Akaona akipunguza nazi ataweza kuuza rahisi kama mwenzake. Akapunguza. Mahamri yakawa madogo, ya kumeza bila kutafuna. Kuimba kukakoma. Wateja wakimwamkia, anaitikia kwa nyusi.

Baba, ambaye ni kakake mkubwa, akamtafutia kazi ya kupika katika jumba moja huko Kizingo, ambako watu huwasha gari hata kwenda kununua chumvi. Mshahara kila mwezi, na mchana ruhusa kulala. Aanze Jumatatu. Shangazi akasema "Haya," kwa sauti ya mtu anayekubali kudungwa sindano. Ijumaa jioni akaingiza meza yake ndani, akafunga mlango.

Niliudhika, mwanangu. Sikatai kwamba tumbo langu lilikuwa na hoja yake. Lakini nilimjua Shangazi. Huyu ni mtu ambaye hakuna kiumbe aliyethubutu kumfunulia sufuria, na sasa angekuwa anaulizwa na mke wa mtu kwa nini mchuzi una pilipili. Kwa hivyo alfajiri ya Jumamosi nilitoka na kipande cha chaki, mali ya skuli, nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa:

TANZIA. BIASHARA YA MBAAZI YA BI ZUHURA IMEFARIKI. MAZISHI JUMATATU, KIZINGO.

Sasa, watu wa mtaa wetu wakiona tanzia husoma neno la kwanza na jina la nyumba. Yaliyobaki huyajaza wenyewe njiani. Jua halijatoka vizuri, tukasikia sauti ya Bi Rukiya, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, imetangulia kabla yake.

"Makiwa, Zuhura! Makiwa, mwenzangu! Nani tena?"

Shangazi alikuwa na mswaki mdomoni. "Nani nini?"

"Aliyekufa!"

"Kafa nani?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe!"

Nyuma yake wanawake wa mtaani walikuwa wakiingia na mikeka, mabuibui yamevaliwa mbiombio. Na nyuma yao kabisa, kofia kifuani na pakiti ya sukari mkononi, alisimama Bwana Mutua, karani wa reli kutoka bara, mteja wa kila siku. Yeye peke yake ndiye aliyesoma hadi mwisho.

"Mama, imeandikwa ni biashara," akasema kwa upole. "Lakini nimeona nije tu. Hata mimi ilikuwa jamaa yangu."

Baba akatoka, akasoma mlango kwa sauti, na hapo ndipo sikio langu lilipoingia katika historia.

"Kifo kinachezewa, wewe?"

"Baba, si mtu, ni mbaazi!"

Likavutwa zaidi. "Na tangu lini watu wetu wakalaza maiti hadi Jumatatu?" Bi Rukiya akaongeza kutoka mkekani, maana alikuwa ameshakaa. Wote walikuwa wameshakaa. Nani atavaa buibui alfajiri yote ile arudi nyumbani mikono mitupu, bila hata umbea?

Basi wakaanza kumtaja marehemu kwa wema, kama desturi. Mmoja akasema alikuwa mtamu, wenzake wakaficha vicheko. Bwana Mutua yeye hakucheka. Alisema alipofika Mombasa hakujua mtu, na mtu wa kwanza kumwuliza kama amelala salama alikuwa Shangazi, akamtilia na upawa wa pili bila kuombwa. "Siku ile niliona nimefika mahali," akasema.

Shangazi akatazama miguu yake. "Hayo yamepita, Bwana Mutua. Jumatatu nakwenda Kizingo."

"Na uende!" Bi Rukiya akadakia. "Tusimsifu marehemu bure. Siku zake za mwisho alikuwa maji matupu. Tui la pili! Mbaazi zile mimi nilikuwa nanawia mikono."

Shangazi akainua uso.

"Rukiya, umesema nini?"

"Nimesema maji. Nenda kwa matajiri, shoga. Wao hawajui tui, watakula tu."

Ilikuwa kweli, na Shangazi ndiye aliyejua zaidi kuliko sisi sote. Niliiona ile kweli ikimshuka kooni kama mwiba wa samaki. Halafu akasimama. Mwanangu, sijapata kuona mtu akisimama vile.

"Haondoki mtu hapa!" akasema. "Wewe mcheza na vifo, leta nazi. Zote!"

Nazi alizokuwa akizifanyia uchoyo zikakunwa hadi vifuu vikalia. Mbaazi zilizochemshwa jana kwa ajili yetu nyumbani zikarudishwa jikoni, zikapewa tui la kwanza, tupu, bila tone la maji. Unga wa mahamri ukakandwa, na waombolezaji wakangoja uumuke, wakinywa chai ya sukari ya Bwana Mutua.

Baba akaona Kizingo inamponyoka. "Zuhura, wale watu nimewapa neno langu!"

"Neno ni lako, kaka. Nenda ukawapikie wewe."

Mtu akapiga kigelegele. Matangani, fikiria.

"Na yule wa mkahawa? Si atakumaliza?" Baba akauliza.

"Mkate wake ni wake. Mimi sikuzaliwa kuchungulia milango ya watu. Anayetaka mkate aende. Anayetaka mbaazi aje na bakuli kubwa." Na hapo, katikati ya moshi, akaanza kuimba. Vibaya vilevile.

Bi Rukiya alipewa sahani ya kwanza. Alikula hadi chini, akapangusa kwa hamri, akalamba kidole. Sote tunamtazama.

"Chumvi imepungua kidogo," akasema.

Shangazi akacheka hadi akashika ukuta. "Kesho uje na hilo domo lako!"

Sikudanganyi kwamba wateja wote wamerudi. Mkahawa uko palepale, na taarabu yake tunaisikia bure. Kuna asubuhi Shangazi huamka akiyatukana magoti yake. Lakini Jumatatu ile alifungua, na Kizingo wanajipikia mpaka leo.

Basi nasaha yangu, mwanangu mwenye mvi, ni hii. Moyo wa Shangazi haukuondoka siku wateja walipoondoka. Uliondoka siku alipotia maji kwenye tui. Nawe ukichoka na kazi yako, usikimbilie kufunga, wala usingoje moyo urudi wenyewe kama paka aliyepotea. Tafuta kile ulichokipunguza kwanza, kile ulichokuwa ukijivunia, ukirudishe leo, kizito kama zamani. Mlango wa mwenzako uache kuutazama, utaumia shingo bure. Watakaokwambia ukaajiriwe, waulize kama wao wanaajirika. Na kukasirika usiogope. Kazi yako ikisemwa nawe bado unaumia, jua iko hai.

Mola akupe mikono isiyochoka na majirani wasiojua kunyamaza. Akupe mteja mmoja wa kukuletea sukari. Na siku utakayotaka kufunga kwa uvivu tu, akuletee mtu wa kukuudhi mapema, kabla ya jua. Amin. Sasa inuka, watu wana njaa.