Kivuli Utosini mwa Jeconia

Msumari bado uko ukutani mwa karakana ya kiwanda chetu cha nguo, Eldoret, lakini kofia haipo. Jeconia Oketch alikuwa akiivua na kuitundika hapo wakati wa kunawa uso tu.

Alikuwa na miaka thelathini na moja, na utosi wake uling'aa kama kibuyu. Alipokwenda Burnt Forest kumposa Akello, alifuatana na msemaji wake, Otiende, mtu mzima mwenye nywele tele. Jeconia alipovua kofia mlangoni kwa heshima, mama yake Akello alimpa kiti cha wazee.

"Mzee," alimwambia huku akimtazama Otiende, "kijana wako tumemwona. Ana kazi gani?"

Akello alikimbilia jikoni kucheka. Mama alipoelezwa ukweli, hakucheka. Alisema hawezi kumtoa bintiye kwa mtu anayeonekana rika la mume wake mwenyewe.

Ndipo mwaka themanini na sita Daktari Gichuru akatafuta wanaume wenye vipara wa kujaribiwa dawa mpya ya kupaka. Nusu walipewa dawa, nusu maji matupu, na hakuna aliyejua amepata nini. Sharti lilikuwa moja: usinyoe kabla ya kipimo cha mwisho. Mwezi wa nne wa kupaka, malaika, vile vinyweleo laini, yalichomoza utosini mwa Jeconia. Kiwandani tulipanga foleni kuyagusa, na yeye akawa anatembea kama aliyebeba yai kichwani.

Kipimo kikikaribia, baba yake akafa. Kwao, mwana hunyoa kichwa baba akizikwa. Shangazi alishika wembe, akangoja. Jeconia alitazama kaburi bichi, kisha akainamisha kichwa.

Alirudi Eldoret kumwambia daktari kwamba ameharibu kila kitu. Daktari alimketisha dirishani, akachukua lenzi, akasogea, akasogea tena.

"Usitikisike," alisema, na sauti yake ndiyo iliyotikisika. "Zinaota. Utosi mzima."

Palipokuwa na upara palikuwa pamejaa vidoa vyeusi vya nywele changa. Daktari aliita manesi wote waje waone.

Jumamosi hiyo Jeconia na Otiende walipeleka habari za msiba Burnt Forest. Mama Akello alikitazama kile kivuli cheusi, kutoka paji la uso hadi kisogoni, kichwa cha mtu aliyenyoa kwa kufiwa. Akamshika mkono.

"Pole, kijana wangu," alisema, akamvutia Otiende kiti cha wazee.

Kofia ilisahaulika huko, chini ya benchi.

Majaribio yalipokwisha na dawa ikaisha, nywele nazo zilikwenda zake. Sasa Jeconia amestaafu; anaishi Kiplombe na Akello, na hana kofia.