Gari Yangu ya Mupya Iko Chini Sana

Batu, leo mama alilia mu gari yangu ya mupya mupaka nikaisimamisha kandokando ya barabara.

Mulishaona picha: gari ya mbio, nyekundu, viti viwili tu.

Nilienda kumuchukua ku Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi huku Zambia, nimutembeze ku Nchelenge pembeni ya ziwa. Nilitaka aone mutoto wake amefika wapi.

Kuingia tu, akazama mu kiti. Gari za vile ziko chini sana, munajua.

"Mutoto wangu, mbona umeniikalisha chini sawa ku kilio?"

Nikacheka. Kufika ku lami, nikakanyaga mafuta.

Njo pale akafungua kitambaa ya kichwa, akaanza kulia baba, anamuita na jina yake.

Nikasimama.

Baba alikufa mu njia, wakati tulikuwa tunakimbia vita ya Kongo. Tulimuzika mbio mbio, tukaendelea kutembea. Mama hakuikala chini ku kilio hata siku moja, vile mwanamuke mwenye kufiwa anafanyaka. Franchement, kusema kweli, sikuwahi kumuona analia.

Mwanamuke moja mwenye kuuzisha samaki akakimbia ku dirisha. Akauliza na Kibemba: "Bamayo, cinshi?" Mama, kuna nini?

"Bwana yangu amekufa," mama akajibu.

Sawa vile ni leo.

Ule mwanamuke hakuuliza ingine. Akatua beseni yake, akaikala mu vumbi kando ya mulango, akalingana na mama mwenye alikuwa chini mu kiti.

Mimi nilikuwa ningali nimeshika usukani, gari inanukia upya.

Nikatoka. Nikaikala na mimi.

Wenye mulimujua baba, andikeni jina yake hapa chini. Kilio yake imeanza leo.